Mashine mpya za saa za otomatiki zinaaminika kweli? Naomba uzoefu wenu, hasa mlioko Dodoma

#1 Mwalimu wa Chamwino

Wakuu, habari za jioni.

Nataka kununua saa ya mkono ya otomatiki, si ya betri. Fedha nimezidunduliza muda mrefu, na safari hii sitaki kitu cha kubadilisha kila baada ya miaka miwili. Nataka saa moja ya kuvaa darasani, kanisani na shambani, halafu siku moja nimwachie mwanangu. Kwa wazee wetu jambo hilo liliwezekana. Nenda Bahi, nenda Mpwapwa, bado utamkuta mzee na Seiko 5 yake ya miaka ya 70 au 80. Kioo kimekwaruzika mpaka tarehe haisomeki, lakini ukiitikisa tu, mshale wa sekunde unaondoka.

Kinachonikwamisha ni mashine za siku hizi. Kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kusita.

Kuna Powermatic 80 ya ETA, kiwanda cha mashine za saa cha Uswisi, ambayo utaikuta kwenye Tissot, Certina na Mido, na Hamilton wanayo kwa jina lao la H-10. Sifa yake kubwa ni akiba ya saa 80: unaivua Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi bado inatembea. Lakini ili kufika huko wameshusha mapigo kutoka 28,800 kwa saa hadi 21,600, na katika matoleo fulani gurudumu la eskepimenti na uma wake, yaani zile sehemu zinazotoa tik-tak, ni za plastiki. Saa ya Uswisi, moyo wa plastiki!

Kuna Sistem51 ya Swatch, iliyotangazwa 2013. Vipande 51, skrubu moja katikati, inaunganishwa na roboti kiwandani na kufungwa kabisa. Ikifa imekufa, fundi hana pa kushika.

Hata huko kwa wenye fedha hakuna utulivu. Wamiliki wa Rolex zenye mashine ya 3235, iliyoanza 2015, wamelalamika sana mitandaoni kwamba saa zao zinaanza kuchelewa na balansi, lile gurudumu linalobembea kupima muda, inapoteza nguvu mapema mno. Ikiwa saa ya bei ya kiwanja inalalamikiwa, mimi wa mshahara wa serikali nishike lipi?

Naomba mnisaidie mawili. Je, mashine mpya ni dhaifu kweli kuliko za zamani, au ni maneno ya watu wanaopenda vya kale? Na kwa sisi tulio mbali na vituo vya sevisi vya hizo chapa, tuchukue ipi?

#2 Kijana wa Area C

Mwalimu, chukua saa ya betri. Ya kawaida kabisa inakosea kama sekunde 15 kwa mwezi. Otomatiki iliyopewa cheti cha usahihi cha COSC, wapimaji wa Uswisi, inaruhusiwa kuchelewa sekunde 4 au kuwahi sekunde 6 kwa siku moja. Betri ikiisha unabadilishiwa pale sokoni umesimama. Sioni sababu ya kujitafutia presha.

#3 Mwalimu wa Chamwino

Asante kijana. Kwa usahihi nakubali, betri inashinda na itaendelea kushinda. Ila mimi sitafuti usahihi wa sekunde, dakika moja kwa wiki hainisumbui. Natafuta kitu ambacho miaka thelathini ijayo mtu ataweza kukifungua, akakisafisha na kikaendelea. Hilo ndilo swali la uzi huu.

#4 Fundi wa Majengo

Mwalimu, nimeusoma uzi wako kwa makini maana hili naulizwa mezani mara nyingi. Meza hii niliirithi kwa marehemu baba, kwa hiyo za wazee nazijua na hizi mpya nazifungua.

Tuanze na Seiko 5 za wazee. Ni imara, naziheshimu. Lakini wewe unaziona zilizopona tu. Zilizokufa hazitembei barabarani, ziko kwenye makopo yetu mafundi, tunazichambua spea. Ukimwona mzee wa Bahi bado anavaa yenye mashine ya 7009, kuna nyingine kadhaa zimetoa magurudumu yao ili hiyo iendelee. Na hilo lenyewe ni sifa kubwa ya mashine ile: zilitengenezwa nyingi mno, vipande vinaingiliana, na fundi mwenye bisibisi, kibano na mafuta sahihi anaweza kuifungua yote na kuirudisha. Uimara wake haukuwa kwenye chuma peke yake. Ulikuwa pia kwenye hayo makopo.

Sasa springi kuu, ile iliyoviringwa ndani ya pipa lake na kuendesha saa. Hapa wasiwasi wako una msingi. Zamani akiba ya saa 38 au 40 ilionekana inatosha. ETA 2824-2, ambayo Uswisi nzima imeitegemea kwa miaka mingi, inatoa kama saa 38. Kuifikisha 80 bila kunenepesha saa, inabidi springi kuu iwe ndefu na nyembamba zaidi, kiini cha pipa lake kipunguzwe ili mizunguko iongezeke, na mapigo yashushwe. Ni debe la mahindi lililoongezwa kidogo, kisha familia ikaambiwa ipunguze kipimo cha kila siku. Debe litafika mbali, hilo ni kweli. Lakini akija mgeni hakuna cha ziada.

Mgeni kwenye saa ni mafuta yanayozeeka na vumbi. Mashine ya zamani yenye springi ya nguvu ilikuwa na ziada ya kusukuma uchafu. Nimefungua saa ambazo mafuta yake yamegeuka gundi na bado zilikuwa zinatembea, vibaya, lakini zinatembea. Mashine iliyobanwa nguvu, hali hiyohiyo, inasimama au inaanza kuchelewa. Tunapima kwa digrii: saa iliyojaa, imelala kioo juu, balansi inatakiwa ibembee kama digrii 270 hadi 310. Ikiwa mpya na tayari inacheza karibu na 200, hapo kuna jambo. Malalamiko ya hiyo 3235 yanahusu kipimo hichohicho: akiba imefikishwa saa 70, na wenye saa wanasema mbembeo unaporomoka kabla ya muda wa sevisi.

Lakini nikueleze pia kinacholetwa mezani kwangu. Saa nyingi haziji kwa ubovu wa kuzaliwa. Zinakuja na maji, na sumaku ya spika na simu, na mafuta yaliyokauka, na zaidi ya yote vumbi letu. Kuanzia mwezi wa sita mpaka mvua za Desemba, upepo wa Dodoma unapuliza unga mwekundu ambao unapita hata palipofungwa. Raba ya mgongo wa saa ikishakufa, miezi michache tu inatosha.

#5 Fizikia UDOM

Fundi, heshima yako. Naomba niongeze hesabu kidogo, kwa sababu hili la mapigo linaeleweka vibaya.

Chukua balansi ileile, ibembee kwa upana uleule, ila ubadilishe kasi. Nishati iliyomo inaenda na mraba wa kasi, na sehemu ya nishati hiyo inapotea katika kila pigo. Kwa hiyo nguvu inayohitajika kuiendesha inaenda na kipeo cha tatu cha kasi. Kutoka 28,800 hadi 21,600 ni robo tatu. Robo tatu kwa kipeo cha tatu ni kama 0.42. Maana yake, mengine yote yakibaki sawa, balansi ya mapigo 21,600 inahitaji asilimia 42 tu ya nguvu iliyohitajika mwanzo. Kwa hiyo si kweli kwamba balansi imenyimwa chakula. Mahitaji yake nayo yamepungua.

Tena Mwalimu, hizo Seiko za wazee unazozisifu zilipiga 21,600 hizohizo, na saa nyingi za kabla yake zilipiga 18,000. Mapigo machache peke yake si dalili ya udhaifu. Unachopoteza ni uthabiti, maana balansi ya taratibu inayumbishwa kirahisi zaidi na mtikisiko wa mkono.

Kuhusu plastiki, Tissot hawakuanza jana. Mwaka 1971 walitoa saa iliyoitwa Astrolon, ambayo karibu mashine yake yote ilikuwa ya plastiki. Haikufanikiwa sokoni, lakini wazo lilikuwa la maana: sehemu nyepesi, isiyoshika sumaku, inayoteleza bila mafuta. Mafuta ndiyo yanayozeeka ndani ya saa, kwa hiyo kuyapunguza pale kwenye eskepimenti si upuuzi. Swali langu kwa plastiki ni moja tu: ikilika, nani ana kipande kingine?

#6 Fundi wa Majengo

Fizikia, hesabu yako naikubali kwa upande wa balansi. Lakini kati ya springi na balansi kuna magurudumu, na kila gurudumu lina ncha mbili zinazozunguka ndani ya mawe, vile vito vidogo vya kupunguza msuguano. Msuguano wa pale haujui kipeo cha tatu. Vumbi likiingia kwenye jiwe la gurudumu la tatu, linazuia kiasi kilekile uwe na springi nene au nyembamba. Mwenye springi nyembamba ndiye anayeumia kwanza. Ndiyo maana nasema saa hizi si mbovu, ila haziwezi kupuuzwa kama zile. Zile zilivumilia uzembe wetu, hizi zinadai sevisi kwa wakati.

#7 Fizikia UDOM

Hapo nimekuelewa, fundi, na umenisahihisha. Mimi nilikuwa nahesabu saa safi.

#8 Mkazi wa Kisasa

Naona uzi unaelemea upande mmoja, nami naomba kutetea vipya kwa dhati.

Angalieni yaliyoongezeka. Springi nyembamba ya balansi, ambayo zamani ilinasa sumaku na saa ikaanza kuwahi hovyo, leo inatengenezwa kwa silikoni, ile ya chipu za kompyuta, au kwa aloi kama Nivachron. Omega tangu 2015 wanapimisha saa zao METAS, taasisi ya vipimo ya Uswisi, zinavumilia sumaku ya gausi 15,000 na zinaruhusiwa kuwahi sekunde 0 hadi 5 tu kwa siku, bila kuchelewa. Rolex wanajiwekea sekunde 2 kila upande. Mzee wa Bahi hakuwahi kuota usahihi huo.

Waranti pia zinasema kitu. Rolex, Tudor na Omega wanatoa miaka 5. Oris walipoleta Calibre 400 mwaka 2020, akiba ya siku 5, waliweka waranti ya miaka 10 kwa anayejisajili, na wakapendekeza sevisi baada ya miaka 10. Hakuna kampuni inayojifunga hivyo kwa mashine isiyoiamini.

Watu wanaoandika mitandaoni ni wenye matatizo. Ambaye saa yake iko sawa haandiki.

#9 Dereva wa Kanda ya Kati

Mkuu wa Kisasa, naheshimu ulichoandika, lakini waranti hiyo ukiwa Manyoni unaidai wapi?

Nieleze yaliyonikuta. Chapa siitaji. Mke wangu alininunulia otomatiki ya akiba ndefu, mashine ya kisasa, kadi ya waranti imegongwa muhuri. Mimi ni dereva wa lori, mkono hautulii. Ilikwenda vizuri, baadaye ikaanza kusimama usiku nikiivua, ingawa iliahidi siku tatu. Waranti ilikuwa imekwisha muda si mrefu. Nikampa ndugu aliyekuwa anasafiri aipeleke kituo chao nje. Jibu lililorudi ni kwamba hawatengenezi mashine ile, wanabadilisha nzima, na bei waliyotaja ilikaribia nusu ya saa mpya.

Nikauliza kama wanaweza kuniuzia kipande kilichoharibika nikakiweke kwa fundi wa huku. Wakasema spea haziuzwi nje ya mtandao wao. Saa iko kwenye droo. Ni zawadi ya mke wangu, na inaniuma kila nikiiona.

#10 Mwalimu wa Chamwino

Pole sana kaka. Hicho ndicho ninachokiogopa, na umekieleza vizuri kuliko nilivyokieleza mimi.

Mkazi wa Kisasa, hoja yako ya silikoni na METAS nimeipokea. Ila ona kitu kimoja. Kila ulichokitaja kinafanya saa iwe bora ikiwa nzima. Hakuna hata kimoja kinachomsaidia mtu ikishaharibika. Springi ya silikoni haipindi, inavunjika. Ikivunjika, fundi wetu hawezi kuinyoosha kwa kibano kama ile ya chuma, anahitaji balansi nzima kutoka kiwandani. Na kiwanda kimesema hakiuzi.

#11 Mkazi wa Kisasa

Mwalimu, hapo sina jibu la kukuridhisha. Kwa mtu anayesafiri kwenda Dubai au Ulaya mara kwa mara msimamo wangu unabaki. Kwa anayeishi na fundi wa hapa, nakubali hesabu inabadilika.

#12 Fundi wa Majengo

Alichosimulia Dereva kinatokea. Kubadilisha mashine nzima kumekuwa utaratibu wa viwanda vingi, maana kwao dakika za fundi ni ghali kuliko mashine iliyounganishwa na roboti. Hata hiyo Powermatic 80, inatoka kiwandani imeshasawazishwa kwa leza na haina ule mkono mdogo wa kusogeza wa kuharakisha au kuchelewesha. Inarekebishika kwa vizito vilivyo kwenye balansi ukiwa na zana yake, lakini waulize mafundi wangapi kati ya Morogoro na Singida wana zana hiyo.

Lakini Mwalimu, nisikuache na picha kwamba upya ni laana. Mashine nyingi zilianza na kasoro, zikarekebishwa, na leo zinaaminika. Chukua Sellita SW200. ETA walipoanza kubana mauzo ya 2824 kwa kampuni za nje, Sellita wakatengeneza ya kufanana nayo. Matoleo ya mwanzo yalijulikana kwa kukatika meno kwenye magurudumu ya kutilia ufunguo, hasa kwa wenye tabia ya kuijaza kwa mkono kila siku. Ikaja SW200-1, umbo la meno likabadilishwa. Leo ni mashine ninayoipokea bila wasiwasi, na vipande vyake vingi vinaingiliana na vya 2824.

Au Omega na eskepimenti ya co-axial, uvumbuzi wa Mwingereza George Daniels. Waliiweka sokoni 1999 kwenye mashine ya 2500, wakaipachika juu ya muundo wa ETA uliokuwapo, na mapigo yakabaki 28,800. Zilikuwapo zilizosimama zenyewe. Wakashusha mapigo hadi 25,200, baadaye wakabadilisha eskepimenti yenyewe, na 2007 wakatoa 8500 ambayo ilibuniwa upya kwa ajili ya mfumo ule. Wazo la Daniels halikuwa baya. Walionunua mwanzo ndio walioifanyia majaribio kwa fedha zao.

Kwa hiyo mimi swali langu la kwanza kwa mashine yoyote ni hili: imepita matoleo mangapi na ina miaka mingapi mikononi mwa watu. Chini ya miaka saba au nane, naiacha wengine waijaribu.

#13 Binti Kondoa, muuzaji wa saa

Shikamoo fundi. Nauza saa hapa mjini na ninafurahi uzi huu upo, maana wateja wananiuliza kama inang'aa na kama haiingii maji. Mashine hawaulizi kabisa.

Naongeza mawili. Kwanza, kabla ya kubishana kuhusu mashine mpya za Uswisi, mhakikishe mnachonunua ni hicho. Kuna otomatiki zenye jina kubwa usoni, ukifungua mgongo unakuta mashine isiyo na namba wala jina la aliyeitengeneza. Hiyo fundi hataipatia spea, iwe mpya iwe ya zamani. Mashine ya kweli ina namba. NH35 ya Seiko imeandikwa. Miyota ya Japani imeandikwa. ETA na Sellita wana alama zao karibu na balansi. Muuzaji akikataa kukuonyesha mgongo umefunguliwa, ondoka.

Pili, nawasemea wanawake wenzangu. Saa nyingi za otomatiki za kike ni ndogo, na mashine ndogo ina springi ndogo na balansi ndogo. ETA 2671 ina kipenyo cha milimita 17.2, wakati 2824 ina 25.6. Ni mashine nzuri, lakini ziada ya nguvu ambayo fundi ameizungumzia ni ndogo zaidi humo, na si kila fundi anapenda kuishika. Mteja wa kike akitaka otomatiki ya kudumu, namshauri apime ya milimita 34 hadi 36 yenye mashine ya kawaida. Ikikaa vizuri mkononi, aichukue hiyo.

#14 Kijana wa Area C

Dada Kondoa, kuna otomatiki nimeiona mshale wa sekunde unashtuka, unakwama kidogo halafu unaruka. Hiyo ni mbovu?

#15 Binti Kondoa, muuzaji wa saa

Inawezekana ni Miyota za familia ya 82, kama 8215. Mshale wa sekunde wa zile unaendeshwa kwa gia ya pembeni, kwa hiyo unaweza kusita ukitikisa mkono. Saa yenyewe haipotezi muda kwa ajili hiyo. Mashine hizo zimekuwapo tangu miaka ya 70 na zinavumilia sana.

#16 Mwalimu wa Chamwino

Nimewafuatilia wote na sasa naweza kupunguza orodha. Zenye plastiki ndani na zilizofungwa moja kwa moja nimeziondoa. Za akiba ndefu nimeziweka pembeni, hata Seiko 6R35 ya saa 70, ingawa mwanzo ilinivutia. Nimebaki na tatu: Seiko au saa nyingine yenye NH35 au 4R36, saa yenye Miyota 9015, na ya Uswisi yenye SW200-1, ambayo kwa bei iko juu kidogo ya nilichonacho.

Fundi, kati ya hizo wewe ungemshauri mdogo wako ipi? Na kuitunza hapa kwetu nifanyeje?

#17 Fundi wa Majengo

Mdogo wangu ningempa NH35 au 4R36, ni ndugu wa damu. Mapigo 21,600, akiba ya saa 41, inatiwa ufunguo kwa mkono na inasimamisha sekunde ukivuta kifundo. Kiwanda kinairuhusu NH35 kuchelewa hadi sekunde 20 au kuwahi hadi 40 kwa siku, hivyo kwenye karatasi si sahihi. Mezani nikiisawazisha mara nyingi inatulia vizuri zaidi ya hapo. Na ikifa kabisa, NH35 nzima unaweza kuiagiza ikapachikwa mulemule bila kumwomba mtu ruhusa. Hiyo ndiyo tofauti na ya Dereva: wote wawili mnabadilisha mashine nzima, lakini wewe unainunua sokoni kwa fedha ndogo, na yeye ameambiwa ni huko tu na kwa bei yao.

Miyota 9015 iko sokoni tangu 2009, inapiga 28,800, ni nyembamba na sahihi zaidi. Rota yake, kile kizito kinachozunguka mkono ukitikisika na kujaza springi, inajaza upande mmoja tu, upande wa pili inazunguka bure na utaisikia. Si kasoro. SW200-1 ukiweza kuongeza fedha, chukua kwa moyo mweupe.

Utunzaji. Usiijaze kwa mkono kila siku, hasa SW200. Ikisimama, zungusha kifundo mizunguko michache iamke, halafu ivae. Usibadilishe tarehe kwa haraka kati ya saa 3 usiku na saa 9 usiku, maana gia za tarehe zinakuwa zimeshikana na unaweza kukata jino. Usiilaze juu ya spika wala kwenye jalada la simu lenye sumaku. Ikianza ghafla kuwahi kwa dakika nzima, usiifungue, ilete iondolewe sumaku, ni kazi ya muda mfupi tu.

Na vumbi: kiangazi, kabla ya kuvuta kifundo, kipitishie brashi laini au upulize pembeni yake. Watu wengi wanavuta kifundo chenye unga, wanaurudisha ndani wakikibonyeza. Raba zibadilishwe kila ninapoifungua, hata kama zinaonekana nzima. Sevisi kamili kila miaka mitano hivi ukiwa huku kwetu, usingoje isimame, kwa sababu mafuta yakishakauka zile ncha za magurudumu zinaanza kulika, na hapo unanunua vipande badala ya mafuta.

#18 Mwalimu wa Chamwino

Asante sana fundi. Nachukua ya 4R36, na kinachobaki kwenye bajeti nakitenga kwa sevisi. Binti Kondoa, kama unazo nitumie ujumbe, nitataka kuona mgongo umefunguliwa kama ulivyosema.

#19 Binti Kondoa, muuzaji wa saa

Karibu sana mwalimu. Utafunguliwa mbele yako.

#20 Dereva wa Kanda ya Kati

Fundi wa Majengo, samahani kurudi nyuma. Hiyo yangu iliyo kwenye droo, kuna lolote la kujaribu? Nitapita Dodoma mwisho wa mwezi.

#21 Fundi wa Majengo

Ilete kaka. Kusimama usiku hakumaanishi lazima kipande kimevunjika. Huenda rota haijazi vizuri, au springi kuu inateleza ndani ya pipa kabla haijajaa, au ni mafuta tu. Nitaipima kwanza kwenye kifaa cha kupimia mapigo bila kuifungua. Jioni kabla ya safari itie ufunguo mpaka ijae, kisha iache mezani bila kuivaa na uandike ilisimama saa ngapi. Kama inamaliza siku tatu ikijazwa kwa mkono, ujue tatizo liko upande wa rota, na huo upande mara nyingi naumudu.

#22 Dereva wa Kanda ya Kati

Naijaza leo. Majibu nitayaweka hapahapa.